Waajiri Watatu wa Redis

Machi 2010 kampuni ya VMware ya Marekani ilimwajiri Mwitalia mmoja ili afanye kazi ambayo tayari alikuwa akiifanya. Salvatore Sanfilippo, ambaye wengi mtandaoni humjua kwa jina la antirez, hakuhamia California. Hakupewa bidhaa mpya ya kutengeneza, na mradi wake haukununuliwa. Alibaki Sicily, akaendelea kuandika Redis, hifadhidata inayoweka data kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kutwa nzima, tofauti ikiwa kwamba sasa kulikuwa na mshahara. Programu yenyewe iliendelea kutolewa bure chini ya leseni ya BSD kwa yeyote anayeitaka, washindani wa VMware wakiwemo.

Kwa waandishi wengi wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, hiyo ndiyo ajira ya ndoto. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndoto yenyewe tumeiona hadi asubuhi. Ndani ya miaka 15 mradi umepita kwenye mikono ya waajiri watatu, mwanzilishi ameondoka, leseni imebadilishwa, wachangiaji wengi wazito wameumega mradi na kwenda nao kwingine, kisha mwanzilishi akarudi. Mtu akiniuliza kama akubali barua ya ajira ya namna hii, humwambia asome kwanza habari za Redis, halafu ndipo aulize kuhusu mshahara.

Redis haikuanza kama bidhaa. Sanfilippo alikuwa na huduma iitwayo LLOOGG, iliyomwonyesha mwenye tovuti wageni wake wakiingia papo kwa papo. Kila tovuti ilikuwa na orodha yake ya kurasa zilizotembelewa karibuni: kila mgeni akiingia unaongeza mstari mmoja juu, unafuta wa zamani chini. Hifadhidata ya MySQL kwenye seva ndogo ilishindwa kuhimili kazi hiyo ya kuandika na kufuta kwenye diski bila kupumzika. Akaamua kuziweka orodha zote kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuhifadhi nakala kwenye diski kwa nyuma. Jaribio la kwanza aliliandika kwa lugha ya Tcl, kisha akaliandika upya kwa C na kulitangaza mwanzoni mwa 2009. Kabla mwaka haujaisha, GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, ilikuwa ikiitumia kupangia kazi zake za nyuma ya pazia.

Hapo likaanza tatizo ambalo kila mwenye mradi uliopata watumiaji analijua. Maombi yanaongezeka, hitilafu zinaripotiwa usiku na mchana, na kazi inayokulisha ni nyingine kabisa.

Suluhisho lake la kwanza lilikuwa kulipwa kipande kwa kipande. Desemba 2009 kampuni ya Engine Yard ililipia amri za orodha zinazomfanya mteja asubiri hadi kitu kiingie, pamoja na sehemu ya kumbukumbu-pepe, yaani uwezo wa Redis kupeleka kwenye diski data isiyotumika sana. Mwezi huohuo Hitmeister ya Ujerumani ililipia sehemu ya kazi ya Redis Cluster, mfumo wa kugawa data kwenye seva nyingi. Citrusbyte nayo ikachangia kumbukumbu-pepe, na Januari 2010 Linode na Slicehost zikatoa seva za majaribio. Fedha hizo zilikuwa halali na zilisaidia. Lakini tazama hatima ya kazi zilizolipiwa. Amri za kusubiri zilifanikiwa na zinatumika mpaka leo. Kumbukumbu-pepe iliingia katika toleo la 2.0 mwaka 2010, ikatangazwa katika 2.4 kuwa haifai kutegemewa tena, na kufikia 2.6 mwaka 2012 ikawa imeondolewa kabisa. Redis Cluster haikutoka ikiwa imara hadi Aprili 2015, zaidi ya miaka mitano baada ya fedha za kwanza.

Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha ajira ile ya Machi 2010, na mara nyingi hakitajwi. Anayelipia kipengele amenunua kipengele. Ukimwambia mwaka mmoja baadaye kwamba ulichomjengea kilikuwa kosa la usanifu na unakitupa, atakuona tapeli. Ukimwambia cha kwake kitachukua miaka mitano, atakwenda kwa mwingine. Mshahara ndio uliomwezesha Sanfilippo kusema kwamba Redis ni hifadhidata ya kumbukumbu na si ya diski, na kuitupa kazi aliyoihangaikia miezi mingi bila kumrudishia mtu pesa. Baada ya kumbukumbu-pepe alijaribu njia nyingine ya diski, diskstore, nayo akaiacha. Mradi ambao leo watu wanausifu kwa udogo na uwazi wa msimbo wake umefika hapo kwa sababu kuna mtu alilipwa kufuta.

VMware ilipata nini? Haikuwa sadaka. Mwaka 2009 ilikuwa imeinunua kampuni ya SpringSource, Aprili 2010 ikapitia hapo kuichukua kampuni iliyotengeneza RabbitMQ, programu ya kupitisha ujumbe, na Aprili 2011 ikatangaza Cloud Foundry, jukwaa la kuendeshea programu kwenye wingu, Redis ikiwa miongoni mwa huduma zake za mwanzo. Kampuni iliyopata jina kwa kugawa seva moja kuwa nyingi ilikuwa inataka kupanda ngazi, iwafikie wanaoandika programu zenyewe. Kuwa na mwanzilishi wa Redis kwenye orodha ya wafanyakazi kuliipa sifa kwa kundi hilo, na gharama yake ilikuwa mshahara wa mtu mmoja. Muda mfupi baadaye wakawa wawili: Mei 2010 Pieter Noordhuis wa Uholanzi, aliyekwisha kuwa mchangiaji mkubwa, naye aliajiriwa.

Miaka hiyo mitatu ya VMware ilipita kwa utulivu kiasi kwamba hakuna mengi ya kusimulia, na huo ni ushahidi kwamba mpango ulifanya kazi. Mwaka 2013 VMware na EMC walitenga baadhi ya shughuli zao na kuunda kampuni ya Pivotal. Ajira ya Sanfilippo ikahamia huko Mei mwaka huo. Nadhani wengi wetu tungelitia alama tukio hilo: mtu aliingia mkataba na kampuni moja, miaka mitatu baadaye akajikuta kwenye vitabu vya nyingine kwa uamuzi wa wenye hisa ambao hawakuwa wakiifikiria Redis. Safari ile haikumdhuru. Lakini ahadi za mwajiri wako zinaishi kadiri idara yake inavyoishi.

Wakati huohuo kulikuwa na kampuni nyingine kabisa, iliyoanzishwa Tel Aviv mwaka 2011 na Ofer Bengal na Yiftach Shoolman, ikiitwa Garantia Data. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watu Redis ikiwa tayari inaendeshwa kwenye wingu. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa kwa hilo, kwa kuwa leseni ya BSD inakuruhusu kufanya karibu lolote ilmradi uache maandishi ya hakimiliki mahali pake. Mwishoni mwa 2013 kampuni hiyo ikatangaza kwamba itajiita RedisDB. Sanfilippo alipinga, wakarudi nyuma. Mwanzoni mwa 2014 wakawa Redis Labs, jina linaloliweka neno Redis mbele lakini lisilodai kuwa ndiyo Redis yenyewe. Kumbuka pia kwamba Septemba 2013 Amazon ilikuwa imeanza kuuza Redis ndani ya huduma yake ya ElastiCache. Kwa hiyo kufikia wakati huo walikuwepo watu wa aina tatu waliokula kutokana na mradi mmoja: anayelipa mshahara wa mwandishi, anayebeba jina la mradi, na mwenye seva nyingi kuliko wote.

Julai 2015 Sanfilippo alihamia Redis Labs. Mwajiri wa tatu hakufanana na wale wawili wa kwanza, na hapa ndipo namtaka msomaji apunguze mwendo.

VMware na Pivotal zilikuwa na njia nyingine za kupata pesa. Redis ikistawi, vizuri. Ikidorora, hakuna mwenye hisa atakayegundua. Redis Labs ilikuwa na Redis tu. Kwa mwandishi wa programu hilo linaonekana kuwa jambo zuri, na kwa sehemu ni kweli: mwajiri anayejali kazi yako kwa dhati, wahandisi wengine wanaoielewa, fedha za kutosha. Lakini kampuni iliyopokea fedha za wawekezaji na yenye bidhaa moja itakutana siku moja na swali la kwa nini wengine wanaiuza bidhaa hiyohiyo bila kuilipa hata senti. Siku hiyo itatazama leseni. Haitatazama kwa nia mbaya. Itatazama kwa sababu hakuna pengine pa kutazama.

Ilitazama Agosti 2018. Redis Labs ilibadilisha leseni ya moduli zake za ziada, zile za kutafuta maandishi, za JSON na nyinginezo, ikaongeza kifungu kinachozuia kuziuza kama huduma. Kukazuka kelele. Sanfilippo akaandika hadharani kwamba kiini cha Redis kinabaki chini ya BSD, na kampuni nayo ikasema hivyo hivyo, kwamba hakitabadilika. Sina sababu ya kushuku kwamba yeyote kati yao alikuwa akidanganya. Tatizo ni kwamba kauli ile ilikaa kwenye tangazo. Haikuwa kwenye katiba ya taasisi wala kwenye mkataba ambao mtu wa nje angeweza kuushikilia mahakamani. Nayo haki ya alama ya biashara, lile jina ambalo mwaka 2013 mtu mmoja alikuwa na nguvu ya kulikatalia, ikawa mikononi mwa kampuni.

Pwani yetu tunalielewa jambo hili bila kusoma sheria za hakimiliki. Mambrui au Pemba, shamba linaweza kuwa la huyu na minazi iliyomo ikawa ya yule, na kila mmoja akauza chake. Katika mradi wa programu huria vitu viko vitatu: mshahara wa anayeandika, msimbo wenyewe, na jina. Mwaka 2010 VMware ilinunua cha kwanza tu. Msimbo ulikuwa wa wote kupitia leseni, jina lilikuwa la mwanzilishi. Kufikia mwisho wa muongo, mshahara na jina vilikuwa vya kampuni moja, na msimbo ulikuwa chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuchukua yaliyopo na kuyatoa upya kwa masharti mengine. Mtu yeyote, maana yake kampuni hiyo pia.

Sanfilippo aliondoka kwenye usimamizi tarehe 30 Juni 2020, kabla ya leseni ya kiini kubadilishwa. Sababu aliyoitoa haikuwa leseni. Alieleza kwamba yeye huandika msimbo ili kujieleza, karibu kama msanii, na kwamba mradi ulikuwa umemgeuza mtu wa kupanga kazi za wengine, kupitia michango yao na kujibu ripoti. Wapo waliosikitika. Mimi naona miaka kumi ni muda mrefu kwa mtu yeyote kuvumilia kazi ya usimamizi asiyoipenda. Ajira ya programu huria ina mtego huu ndani yake: unaajiriwa kwa sababu ya msimbo ulioandika peke yako, na kadiri mradi unavyofanikiwa ndivyo nafasi ya kuandika peke yako inavyopungua. Mshahara hauondoi hilo, unalichelewesha tu.

Aliwaachia usimamizi Yossi Gottlieb na Oran Agra, wote wa Redis Labs, nao wakaunda kundi la watu watano: wao wawili, Itamar Haber wa kampuni hiyohiyo, Zhao Zhao wa Alibaba, na Madelyn Olson wa Amazon. Kwa macho ya mbali huo ulikuwa uongozi wa jumuiya. Hesabu viti vizuri: vitatu kati ya vitano vilikuwa vya mwajiri mmoja. Na juu ya leseni na jina, viti vyote vitano havikuwa na neno la mwisho.

Agosti 2021 Redis Labs ikaacha neno Labs na kujiita Redis. Kile kilichokataliwa mwaka 2013 sasa hakikuwa na wa kukikataa.

Tarehe 20 Machi 2024 kampuni ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 Redis haitakuwa tena chini ya BSD, bali chini ya leseni mbili za kuchagua, RSALv2 au SSPLv1, ambazo wanaofuata maana ya kawaida ya programu huria hawazikubali. Siku nane baadaye Linux Foundation, taasisi isiyo ya faida, ikatangaza Valkey, iliyomegwa kutoka Redis 7.2.4 na kubaki chini ya BSD, ikiungwa mkono na Amazon, Google Cloud, Oracle, Ericsson na Snap. Olson alikuwa miongoni mwa walioongoza. Katika siku zile za kwanza msimbo uliwekwa chini ya jina PlaceholderKV, jina la kushikilia nafasi tu, kwa sababu jina la kudumu lilikuwa bado halijaamuliwa. Watu walikuwa na kila kitu isipokuwa jina.

Wengi walisimulia tukio hilo kama vita vya kampuni yenye tamaa dhidi ya jumuiya. Simulizi hiyo inaficha jambo moja: waliomega nao walikuwa waajiriwa. Walilipwa na Amazon, Alibaba, Google, Ericsson, Tencent, Huawei, na walikuwa wakilipwa kuandika Redis kama Sanfilippo alivyolipwa. Valkey haikuwa ushindi wa watu wa kujitolea dhidi ya wenye mishahara. Ilikuwa kundi moja la wenye mishahara likimwacha mwajiri mmoja. Iliwezekana kwa wepisi ule kwa kuwa waajiri walikuwa wengi, na kwa kuwa leseni ya zamani ilikuwa ikiwaruhusu wote kuondoka na mali. BSD ileile iliyoipa kampuni mlango wa kubadilisha masharti ndiyo iliyowapa hao mlango wa kutokea. Waliokuwa na hali mbaya zaidi ni kampuni ndogo zilizotumia Redis bila kumlipa mtu yeyote wa kuichangia. Zenyewe zilibaki kusubiri kuona upande gani utashinda.

Sasa rudi kwa mtu mwenye barua ya ajira mkononi. Akiwa Nairobi, asome kwanza Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001: kazi uliyoifanya ndani ya ajira huhesabiwa kuwa ya mwajiri, mkiwa hamjakubaliana vinginevyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kuyafanyia kazi kabla ya kutia sahihi. Mkataba unaweza kusema kwamba michango yako itatolewa chini ya leseni iliyotajwa kwa jina, na kwamba hakimiliki ya mchango wako inabaki kwako. Kampuni nyingi zinazoajiri kwa ajili ya mradi uliopo hazitapinga sana, kwa sababu mradi wenyewe ungeukataa msimbo usio na leseni hiyo. Mimi ningekaza hapo kuliko kwenye asilimia ya nyongeza ya mwaka. Ningeuliza pia jina la mradi limesajiliwa kwa nani. Likiwa limesajiliwa kwako, usiliuze kwa sababu tu bosi wa sasa ni mtu mwema. Bosi wa sasa ataondoka. Njia iliyozoeleka ni kulikabidhi kwa taasisi isiyo ya faida, kama jina la Python lilivyo kwa Python Software Foundation. Mwanzilishi wa lugha hiyo, Guido van Rossum, amefanya kazi Google, Dropbox na Microsoft, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoweza kuifanyia Python yaliyofanyiwa Redis.

Na kuna swali la nani hasa mwajiri wa wenzako. Mradi ambao waandishi wake wote wakuu wanapokea mshahara mahali pamoja ni bidhaa ya mahali hapo, hata leseni iandike nini. Linux ina maelfu ya waajiriwa, ila wametawanyika kwa makampuni mengi yasiyopendana, na kila mwandishi, au mwajiri wake, amebaki na hakimiliki ya mchango wake chini ya GPL, leseni inayotaka nakala zilizobadilishwa zikitolewa zitolewe kwa masharti yaleyale. Hakuna anayeweza kuamka siku moja akabadilisha masharti, hata akitaka. Redis haikuwa na kinga hizo zote mbili.

Desemba 2024 Sanfilippo alirudi kwenye kampuni ya Redis, safari hii si kama msimamizi wa mradi bali kama mtu wa kuunganisha kampuni na watumiaji, na akaanza tena kuandika msimbo: aina mpya ya data, vector sets, kwa ajili ya kutafuta vitu vinavyofanana. Mei 2025 toleo la 8 likatoka, na kwenye zile leseni mbili ikaongezwa ya tatu, AGPLv3, jamaa ya GPL, ambayo inatambulika kuwa ya programu huria. Yeye mwenyewe alisema wazi kwamba alifurahi kuona msimbo wake mpya ukitoka chini ya leseni ya aina hiyo.

Hata hivyo mambo hayakurudi yalipokuwa. Msimbo wa Valkey, kwa kuwa ni BSD, kampuni ya Redis inaweza kuuchukua na kuuingiza kwenye Redis kesho asubuhi. Msimbo mpya wa Redis, kwa kuwa ni AGPL, Valkey haiwezi kuuchukua na bado ikabaki BSD. Kwa hiyo vector sets, kazi ya kwanza kubwa aliyoiandika tangu arudi, haiwezi kuingia kama ilivyo kwenye mradi wanaouendesha wengi wa watu aliofanya nao kazi kwa miaka.